Vipimo vya Saa Kumi

Mpwa wangu aliileta mashine yake Jumapili moja mwanzoni mwa Machi, ndani ya kapu la sokoni, imefunikwa khanga ya mama yake. Alishuka kwenye bajaji amelipakata kapu lile kama mtu aliyebeba mayai, na dereva alipotaka kumsaidia akamwambia, "Hapana kaka, ahsante, hili nalibeba mwenyewe." Mimi nilikuwa nimekaa barazani nikimenya muhogo. Sikujua kwamba kilichokuwa kinaingia kilikuwa kinakuja kwangu.

Nilikuwa nimerudi Temeke kama miezi minane hivi. Kabla ya hapo nilikuwa Tunduma, kabla ya Tunduma nilikuwa Mtwara, na kabla ya Mtwara ni mahali pengi ambapo nikianza kupataja dada yangu huniambia ninyamaze, nampa kizunguzungu. Nina miaka arobaini na kitu. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata matokeo yasiyo na mahali pa kunipeleka, na tangu hapo nimejipeleka mwenyewe. Dada yangu, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka sita, alibaki katika nyumba ya wazazi wetu, akaolewa, akazaa binti mmoja, ndiye mpwa wangu huyu, akafiwa na mume. Kila niliporudi alinipa chumba kilekile cha uani, chenye bati lisilo na dari, na ufunguo wake.

Bati hilo ndilo lililomleta mpwa wangu. Alikuwa anasoma shahada ya pili ya fizikia, na maabara ya chuo chao ilikuwa chini ya ghorofa nne za zege. Alihitaji mahali penye paa jepesi, pasipopitiwa na watu, mashine ikae bila kuguswa tangu Machi hadi mwisho wa Mei, masika yote.

"Chumba chako ndicho hasa, Anko," aliniambia. "Bati tupu, na hakuna mtu anayeingia."

"Hakuna anayeingia kwa sababu hakuna cha kuiba," dada yangu akadakia kutoka jikoni.

"Sasa kitakuwepo, Mama."

Aliifungua juu ya meza yangu. Nilitegemea kitu cha kutisha, nikaona vipande viwili vya plastiki, kila kimoja sawa na daftari kubwa, vimezungushiwa foili na juu yake utepe mweusi wa mafundi umeme, ili mwanga usipenye hata punje. Kimoja kilikaa juu ya kingine, vikitenganishwa na vijiti vya mbao. Waya mbili zilitoka hapo kwenda kwenye kiboksi chenye kioo kidogo cha namba, na kiboksi kilikula umeme wa betri.

Alinieleza huku akikaza vijiti. Kwamba huko mbali sana nyota hulipuka, na vipande vyake husafiri miaka na miaka mpaka vigonge hewa ya juu ya dunia. Vikigonga vinavunjika, na katika kuvunjika huko zinazaliwa chembe zinazoitwa myuoni, ambazo hushuka kwetu kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, zikapita kwenye bati, kwenye godoro, kwenye watu, zikazama ardhini. Alisema siku hizi kuna watafiti wanaozitumia kuangalia ndani ya milima na majengo ya kale bila kuchimba. Alikamata mkono wangu, akaukunjua kiganja.

"Hapa inapita kama moja kila sekunde. Tangu umezaliwa."

"Na siku zote sijahisi?"

"Huwezi. Lakini ikipita kwenye plastiki hii inaacha mwanga kidogo sana, na humu ndani kuna kijicho cha umeme kinachouona. Ikionekana juu peke yake hatuhesabu, inaweza kuwa kelele tu. Ikionekana juu na chini kwa pamoja, hiyo kweli imepita."

"Kama mashahidi wawili."

Alisimama, akanitazama vizuri. "Hivyohivyo, Anko. Hata mie sijawahi kuisema hivyo."

Nilitembea na sifa ile siku nzima.

Alichokuwa anatafuta ni namna hesabu ya chembe hizo inavyobadilika hapa kwetu katika msimu wa mvua. Hewa ikiwa nzito juu yetu, zinazofika zinapungua. Lakini kulikuwa na tatizo: kile kijicho cha umeme chenyewe hubadilika kwa joto. Chumba kikichemka, kinahesabu vingine. Kwa hiyo ilimpasa kujua, siku kwa siku, mgandamizo wa hewa ulikuwa kiasi gani na joto la chumba kiasi gani, la sivyo asingeweza kutofautisha kazi ya hewa na kazi ya joto. Kidude kidogo ndani ya kiboksi kilichotakiwa kupima vyote viwili kilikuwa kimekufa, na kingine kilichoagizwa kingechelewa miezi. Ndipo akatoa kwenye kapu barometa ya zamani ya chuo, ya mviringo, yenye mshale, na kipimajoto cha kioo, akavitundika ukutani. Halafu daftari.

"Mara mbili kwa siku," alisema. "Saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Barometa unaigonga kwanza kwa kucha, taratibu, mara mbili, maana mshale huwa unanata. Unasimama jicho lilingane nao. Unaandika. Joto vilevile. Huku mwisho unaandika hali ya mashine."

"Kwa nini saa nne na saa kumi?"

"Nitakwambia mwisho wa kazi. Nikikwambia sasa utaanza kuona unachotegemea kukiona."

Alikuwa ameshafika mlangoni, akarudi. Maneno haya nayakumbuka kama yalivyo, kwa sababu baadaye nilijaribu sana kuyasahau. "Halafu Anko, ikitokea hukusoma, umeumwa, umetoka, umelala, acha wazi tu. Nafasi tupu haina ubaya. Naweza kuishi na nafasi tupu."

Nikamwambia asiwe na shaka.

Mwezi wa Machi nilisoma kila siku, bila kukosa. Nilikuwa na saa ya mkononi niliyonunua Tunduma, na ikifika saa nne kasoro dakika tano nilikuwa nimeshasimama mbele ya ukuta. Nagonga, tak tak, nasogeza uso, naandika. Kijiweni kwenye kahawa wakanibandika uprofesa.

"Profesa, leo zimepita ngapi?"

"Kwako wewe zimepita tatu ukiwa unaniuliza."

"Zimepita na wapi? Mbona hazijanitoa hata kikohozi?"

"Zimekuona huna kitu, zikaunganisha kwenda kwa jirani."

Walicheka, nami nikacheka, lakini ndani nilikuwa nimevimba. Katika maisha yangu nimebeba mizigo, nimeuza saa, nimelinda magodauni, nimekuwa utingo wa malori. Hakuna aliyewahi kunikabidhi kitu ambacho kingeharibika kama ningekiangalia kwa macho ya uvivu.

Aprili mvua ikaanza kwa nguvu. Mtu wa kutembea akifungiwa na mvua hupatwa na ugonjwa ambao sijui jina lake. Bati linapiga kelele, uwanja wa nyuma umejaa maji, unakaa kitandani unakumbuka nyumba ulizowahi kupanga. Mimi nilikuwa nakumbuka Sinza. Nilipanga huko nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, chumba kimoja na rafiki yangu, tukifanya kazi ya kupaki sabuni kiwandani Mikocheni, tukienda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, viatu vikinuka sabuni. Sijawahi kuwa na raha kama ile, ingawa wakati ule nilikuwa nalalamika kila siku.

Jumanne moja mvua ilikatika. Nilisoma vipimo vya saa nne, nikaandika katika mstari wa mwisho wa ukurasa, nikafunga mlango. Nilijiambia naenda Sinza kuiangalia tu ile nyumba, saa kumi nitakuwa nimerudi.

Nyumba haikuwepo. Palikuwa na gesti ya ghorofa mbili, na aliyekaa mapokezi akijipepea na kipande cha boksi alikuwa rafiki yangu yuleyule, amenenepa, kipara kinang'aa. Tulipigiana kelele mpaka mhudumu akatoka kuangalia kama kuna ugomvi. Alikuwa meneja. Alinipa chumba cha bure, nikakubali usiku mmoja. Siku ya pili tulikwenda Mikocheni kukiona kiwanda. Pamekuwa ghala la vigae, lakini ukuta wa mbele ni uleule, na tulisimama hapo kama wajinga wawili tukionyeshana dirisha tulilokuwa tunapokezana kuvutia sigara. Siku ya tatu tulicheza drafti. Kila ilipofika saa kumi saa yangu ya Tunduma niliitazama. Nataka hilo lieleweke. Sikusahau. Temeke haikuwa mbali. Nauli nilikuwa nayo, na njia naijua nikiwa nimefumba macho.

Siku hiyo ya tatu, mchana, mpwa wangu alipiga simu.

"Shikamoo Anko."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko? Mashine inaendeleaje?"

"Nzuri," nikasema.

Kila aliyelelewa kwetu anajua kwamba jibu la kwanza ni nzuri. Nyumba imeungua, mtu amelazwa, bado unaulizwa habari nawe unasema nzuri, kisha unavuta pumzi, unasema, ila. Yale yote ya kweli huanzia kwenye ila. Mimi niliitoa nzuri kwa mazoea tu, kabla ya kufikiri, nikavuta na pumzi kabisa. Lakini yeye alikuwa na haraka, akasema, "Alhamdulillahi, nilikuwa na wasiwasi na hii mvua, bati halivuji?" Nikasema halivuji. Akasema, "Nakuaminia Anko," akakata. Ila yangu ikabaki kifuani. Rafiki yangu akaniambia, "Cheza bwana, zamu yako."

Ningeweza kumpigia. Nilikuwa na salio. Nilichokuwa sina ni namna ya kuiondoa ile nzuri bila kuonekana nilikuwa nimedanganya, na kumbe wakati ule nilikuwa bado sijadanganya, nilikuwa nimesalimia tu. Ningepiga dakika tano baadaye ingekuwa kicheko.

Nilirudi Jumatatu. Siku sita. Mashine ilikuwa inahesabu kwenye kona yake, kioo chake kidogo kikibadilisha namba, haijali nani yupo. Nilifungua daftari. Ukurasa mpya ulikuwa mweupe. Nikakaa kitandani, nikatafuta kalamu mbili.

Shuleni tulikuwa na neno la kazi hii, tuliita kupika. Kwenye majaribio ya fizikia, darasa zima lina saa ya kupimia moja tu na kamba za pendulamu hazitoshi, unaangalia jibu linalotakiwa, unarudi kinyumenyume, unaandika vipimo vitakavyolifikia. Nilikuwa mpishi mzuri. Mwalimu alinisifu kwamba grafu yangu imenyooka kuliko za wote. Sasa nilikaa kitandani kwangu na miaka yangu arobaini na kitu, nikapika. Mgandamizo nikauanzia ule wa Jumanne asubuhi, nikausogeza kidogo huku na huku usionekane umekufa. Nilifikiri, mchana kuna joto, joto hutanua vitu, basi jioni hewa itakuwa inasukuma zaidi. Nikazipandisha kidogo namba zote za saa kumi. Joto nalo nikalikadiria kwa kukumbuka jasho. Asubuhi niliandika kwa kalamu ya bluu na jioni kwa nyeusi, ili ionekane nilikuwa nasimama mara mbili. Mwisho wa kila mstari, kwenye hali ya mashine, niliandika: nzuri.

Nikafunga daftari, nikaenda kunywa kahawa, na profesa akasalimiwa.

Kilichonitia aibu zaidi si zile siku sita. Ni kwamba baada ya hapo ilikuwa rahisi. Mwishoni mwa Aprili na Mei yote, kukiwa na joto la kulala chini, nasikia saa kumi imefika, mashine iko hatua tatu kutoka kichwani kwangu, na barometa iko juu yake, nami sinyanyuki. Naandika baadaye. Siku nyingine nilinyanyuka. Siku nyingine niligonga kioo na sikusogeza uso. Sikuweka alama popote ya kutofautisha, kwa sababu anayepika haweki alama.

Mwisho wa Mei alikuja na kapu lake, akachukua kila kitu. Simu yangu ni kitochi kisicho na kamera, hivyo hakuwa ameona ukurasa hata mmoja mpaka siku hiyo. Alifunua daftari haraka, safu zimejaa, hakuna nafasi tupu hata moja, akalibusu. Alibusu daftari. Alikuwa ameniletea shati la mikono mirefu, nikalipokea kwa mikono miwili na kusema umejisumbua bure.

Wakati ule nilijua anachokitafuta kwa haraka namna ile. Kulikuwa na chuo nje ya nchi, chenye maabara kubwa ya mambo hayo, kilichokuwa kimemkubali kuendelea kusoma mradi awasilishe kazi yake kabla ya Septemba. Mama yake alikuwa ameshaanza kuuliza watu kama huko kuna baridi ya namna gani.

Jumamosi moja ya Juni akaja bila kapu, na kompyuta begani. Alinipa shikamoo, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka chumbani kwangu, mahali mashine ilipokuwepo. Dada yangu alikuwa uani anafua.

"Anko, nilikuahidi kukwambia kwa nini saa nne na saa kumi."

Alifungua kompyuta. Kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama meno ya msumeno.

"Huu ni Machi. Hewa ya huku kwetu kwenye ukanda wa joto inapumua. Jua likiipasha inatikisika yote, inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Saa nne asubuhi iko juu, saa kumi jioni iko chini. Mvua inyeshe, jua liwake, kila siku. Huko Ulaya ni kidogo, huoni. Hapa iko wazi kabisa. Ona ulivyoisoma vizuri."

Niliutazama mwezi wangu wa Machi. Nilikuwa nimeuandika wote kwa mkono wangu, juu, chini, juu, chini, mara thelathini, na sikuwa nimeuona.

Akasogeza picha. "Hii ni Aprili."

Meno yalikuja, yakaja, halafu mahali fulani yakageuka. Siku sita hewa ya Temeke ilikuwa imepumua kinyume. Mbele zaidi yalirudi sawa, yakapotea, yakarudi.

"Juzi nilikuwa mbele ya walimu," akasema. "Mmoja akaniuliza, hapa pana nini? Nikamwambia labda barometa iliingia unyevu. Akasema, au msomaji? Nikamwambia, msomaji ni mjomba wangu, analala chumba kimoja na mashine. Namwamini kuliko barometa."

Hakuwa ananitega. Ningependa kusema alikuwa ananitega, lakini uso wake ulikuwa unaomba nimsaidie kuielewa barometa.

"Itakuwa unyevu," nikasema. "Mvua ile ilikuwa kubwa mno."

"Lakini unyevu hauwezi kuugeuza mshale ukapanda jioni."

"Mie nilisoma nilichokiona."

Dada yangu alipita mlangoni na beseni la nguo. "Mnasoma nini tena? Kazi si iliisha?"

"Namuuliza Anko habari za Aprili, Mama. Wiki ile ya mvua kubwa."

"Aprili?" Dada yangu akacheka, akaliegemeza beseni kiunoni. "Utamuuliza huyu? Si alikuwa Sinza! Huyu akitoka kununua vocha anarudi Idi. Nilimwekea chakula siku mbili, siku ya tatu nikampa paka."

Akaenda zake kuanika. Tuliisikia kamba ikivutwa.

Mpwa wangu hakunitazama. Aliitazama kompyuta, akasema kwa sauti ya chini, ile ya heshima ambayo ndiyo ilinimaliza, "Anko, naomba unioneshe zipi."

Alilitoa daftari kwenye begi la kompyuta, na kalamu nyekundu. Alinieleza bila kunikemea. Mgandamizo angeweza kuuomba kwenye vituo vya hali ya hewa, maana hewa ni ya mji mzima. Joto la chumba changu, chini ya bati langu, hakuna kituo duniani kilicholipima. Lilikuwa kwenye daftari hili tu. Kama nikimwonyesha yale niliyoyatunga atayaondoa, abaki na mengine, na kama mengine yanatosha, atawahi.

Nikazungushia zile siku sita, mistari yote ya Sinza mpaka asubuhi ya kurudi. Nikamrudishia daftari.

"Ni hizo tu?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa kwa uongo. Siku sita zingeondoka na kazi ingepona. Aliniuliza huku ameshika kalamu, na niliona anataka nijibu ndiyo. Nami nilitaka. Nilivuta pumzi, safari hii maneno yakatoka.

"Si hizo tu."

"Zipi nyingine?"

Nikalichukua tena daftari. Nilizungushia zile ambazo meno yake yalikuwa yamepotea. Kisha nikaingia kwenye zile zilizokaa vizuri, na hapo mkono ukasimama, kwa sababu zilikuwemo nilizopika zikatokea kupatia, na zilikuwemo nilizosoma kweli, na zote zina mwandiko mmoja. Nilitazama tarehe moja ya Mei. Nilisoma siku ile, au nililala? Sikujua. Mtu anayemiliki mikono yake hakujua mikono yake ilifanya nini.

"Sikumbuki," nikasema. "Tangu niliporudi Sinza, sikumbuki ipi ni ipi."

"Na Machi?"

"Machi ni kweli yote."

"Una uhakika?"

"Machi nilikuwa nasimama."

Akafunga daftari. Aliweka mikono juu ya jalada. Nilitaka anitukane. Dada yangu angenitukana, na ningejitetea, na tungefika mahali. Huyu alisema, "Ungeacha wazi tu, Anko," akaanza kuvaa viatu. Alikosea mguu, akavaa tena.

Sikulala nje ya Temeke tangu siku hiyo, na sisemi hivyo nisifiwe. Nilikuwa naogopa kwamba nikiondoka nitaonekana nimekimbia, na ningekuwa nimekimbia. Kijiweni waliendelea kuniita profesa. Nikahama kijiwe.

Agosti akaja tena. Alikuwa amekonda kidogo. Alimwambia mama yake, mbele yangu, kwamba safari haitakuwepo mwaka huu. Wale watu wa nje wamemjibu kwa adabu, aombe upya. Masika yajayo atapima tena. Dada yangu aliuliza kwa nini, naye akasema vipimo havikutosha. Havikutosha. Alilisema neno hilo akimenya chungwa, wala hakunyanyua macho kuja kwangu.

Dada yangu alipokwenda dukani nikamwambia, "Masika yajayo mashine ilete. Sitatoka hata getini."

"Hapana, Anko." Alisema kwa upole kabisa. "Kile kidude kimeshafika. Kinapima chenyewe, kila dakika. Na nitaiweka Mikocheni, kwa rafiki yangu, wana banda la bati."

Aliniambia kidude chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi.

Alikuwa anamalizia sura ya kazi iliyobaki, ile ya Machi peke yake, ambayo walimu walimkubalia aiandike kama jaribio la awali. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Nikamuuliza ameandikaje kuhusu ile miezi mingine. Alisita, kisha akanitafsiria: vipimo vya joto vya Aprili na Mei havikutumika kwa sababu msomaji hakuwepo baadhi ya siku.

"Mei nilikuwepo," nikasema.

"Najua."

"Sasa mbona umeandika hivyo?"

"Anko, hii inakaa maktaba. Mama siku ya mahafali atakishika kitabu, atawaonyesha watu. Kwenye shukrani nimeandika kwamba vipimo vilisomwa na mjomba wangu. Mtu akisoma huku na kule ataunganisha."

Nikaelewa alichokifanya. Aliyekuwa amesimama mbele ya walimu akanitetea bila kujua, sasa alikuwa ananitetea huku anajua, na safari hii alikuwa anaandika kwa mkono wake kitu ambacho si kweli. Kidogo tu. Kidogo kama vile namba zangu zilivyokuwa kidogo.

"Andika nilichofanya," nikamwambia.

"Si lazima."

"Kwako wewe ni lazima. Futa hiyo, andika msomaji alizitunga."

Tulisikia geti, dada yangu akirudi, akisalimiana na jirani. Mpwa wangu alinitazama kuona kama namaanisha. Kisha akageukia kompyuta, akafuta sentensi ile herufi kwa herufi, akaandika nyingine. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Akanigeuzia kioo nisome. Kiingereza changu ni cha mipakani, cha kuuliza njia, nikakwama kwenye neno moja. Nikamuuliza, akaniambia maana yake. Nikasema ndilo hilo.

Akahifadhi. Halafu akapandisha kurasa mpaka mwanzoni, kwenye shukrani, akaniuliza taratibu, mama yake asisikie, kama niendelee kuwepo pale au anitoe.

 Dada yangu akaingia na mkate, akauliza nani anakunywa chai.